Kibandiko cha Nyuma ya Monita Nusura Kiniuzie Inveta Kubwa

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Kompyuta nne. Umeme ulipozidi kunikatikia katikati ya kazi za watu, nikaita fundi anipigie hesabu ya sola. Akageuza monita moja, akasoma kibandiko: 100-240V, 50/60Hz, 1.5A. Akatoa simu, akazidisha 240 kwa 1.5. Wati 360. Mara nne, wati 1440. "Na hapo, Mama, kompyuta zenyewe bado hatujazigusa." Bei ya inveta na betri aliyoniandikia ilinikalisha kitako.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo ya umeme Kampala, alicheka nilipomsomea ile karatasi kwenye simu. "Shangazi, huyo amepima gunia, hakupima posho iliyomo."

Maana yake ni hii. Ile 1.5A ni kikomo: mkondo mkubwa kabisa ambao monita inaweza kuvuta katika hali mbaya kuliko zote, mwanga juu kabisa, spika zinalia, na kuna kitu kinachajiwa kwenye tundu la USB. Tena kikomo hicho lazima kitoshe hata kwa nchi zenye umeme wa volti 100, ambako mkondo hupanda kwa kazi ileile. Kwa hiyo kukizidisha kwa 240 zetu ni kukosea mara mbili. Hata adapta iliyoandikwa 19V 2.1A haisemi monita inakula wati 40. Inasema adapta haitavuka hapo.

Mimi siamini mpaka nione, basi nikapima kwa mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Jumapili nilizima kila kitu dukani isipokuwa monita moja ya inchi 24, nikaiunganisha na laptopu inayotumia betri yake. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa yake humweka mara 1000 kwa kila yuniti moja (kWh), na kila inapomweka, umeme wa wati moja kwa saa moja umekwisha. Gawanya 3600 kwa sekunde kati ya mmweko na mmweko, unapata wati. (Kama yako ina namba nyingine, 1600 kwa mfano, hesabu hubadilika.) Nilihesabu sekunde 160: wati 22 na kitu. Nikashusha mwanga hadi 40, zikawa sekunde 240: wati 15. Kuweka picha nyeusi hakukubadilisha kitu, kwa sababu kwenye skrini hizi za kawaida taa ya nyuma huwaka vilevile.

Sasa fedha. Saa 10 kwa siku, siku 26, monita ya wati 22 inakula yuniti 5.7 hivi kwa mwezi. Kwa hesabu ya fundi zingekuwa 93. Weka shilingi 700 kwa yuniti ili hesabu iwe rahisi, ni 4,000 dhidi ya 65,000.

Ukinunua mpya na boksi lina lebo ya ulaji wa umeme ya Umoja wa Ulaya, ile ya A (bora) hadi G ya tangu Machi 2021, usikimbie ukiona E au F. Monita nyingi nzuri zimeangukia hapo. Tazama namba ya kWh/1000h, yaani yuniti inazokula kwa saa 1000. Ikiwa 18, basi ni wati 18, hakuna cha kuzidisha. Nembo ya Energy Star, ile ya Marekani ya vifaa visivyokula umeme ovyo, nayo ni dalili njema, lakini yenyewe haikutajii wati.

Ya kuogopa ni zile za zamani zenye mgongo mrefu. Nilikuwa nayo moja ya inchi 17 stoo, nikaipima vilevile: taa ilimweka kila baada ya sekunde 50 hivi. Wati 72! Nilipanga kuiwekea wateja wa intaneti. Imerudi stoo, na inveta niliyonunua mwishowe inabebeka kwa mkono mmoja.