Lenzi Iliyotazamishwa Juu: Jinsi ya Kuifanya Mandhari Halisi Ionekane Kama Vichezeo

Juma lililopita kamati moja ya maonyesho iliirudisha picha yangu ya yadi ya reli ikiwa na maelezo ya sentensi moja tu, kwamba picha za vichezeo hazipokelewi. Mabehewa yale ni ya chuma, na wale watu wenye vizibao vya rangi ya machungwa ni wafanyakazi waliokuwa kazini. Mimi nilikuwa juu ya paa la jengo la jirani, na kamera yangu ya filamu za bamba za inchi 4 kwa 5. Marafiki waliniambia kwamba hiyo ni sifa kubwa kuliko tuzo, nami ninakubaliana nao, ingawa bado inaniuma. Najua wengi wenu mnatamani kulidanganya jicho kwa kiwango hicho hicho, kwa hiyo nitaeleza picha ile ilivyopatikana.

Kitu kidogo kinapopigwa picha kwa karibu sana, ukanda mwembamba tu ndio unaoonekana wazi, na mbele na nyuma yake kuna ukungu. Jicho limeuzoea ukungu huo kama alama ya udogo. Mandhari iliyo umbali wa mita 100 haina ukungu wa namna hiyo: kwa lenzi ya milimita 150, hata kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga kikifunguliwa hadi f/5.6 (namba ndogo ni tundu pana), karibu kila kitu hubaki wazi hadi upeo wa macho. Ndiyo maana tunahitaji kamera ambayo mbele na nyuma yake vimeunganishwa kwa mvukuto, yaani mfuko wa mikunjo, ili lenzi iweze kuinama bila filamu kuinama.

Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria aliyepata hataza nchini Uingereza mwaka 1904 kwa njia yake ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni tunayoitegemea: bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la fokasi (lile ambamo vitu huonekana wazi) yakirefushwa hukutana katika mstari mmoja. Mpiga picha wa mandhari huinamisha lenzi mbele ili bapa la fokasi lilale juu ya ardhi na kila kitu kiwe wazi. Sisi tunafanya kinyume, yaani tunaitazamisha lenzi juu. Lenzi ya milimita 150 ikiinamishwa nyuzi 8, bapa la fokasi hupita takriban mita 1 juu ya lenzi, kisha hushuka kuelekea mandhari likikaribia kuwa sambamba na mstari wa kutazama, na kwa sababu hiyo kwenye picha huonekana kama utepe mwembamba.

Pale juu ya paa, nikiwa nimejifunika kitambaa cheusi na kuikagua picha iliyopinduka kwenye kioo chenye ukungu, niliisogeza fokasi hadi utepe ukakaa juu ya kichwa cha treni na watu wawili waliosimama kando yake. Kioo cha kukuzia kilinionyesha mistari ya vizibao vyao, ilhali reli zilizokuwa hatua chache mbele yao zilikuwa zimeyeyuka. Mnara wa taa uliokuwa pembeni ulinisumbua, kwa maana kitu kirefu kinachotoka ndani ya utepe huwa wazi chini na ukungu juu, na hapo mtazamaji makini hugundua hila. Nilihama upande wa pili wa paa ili kuuepuka.

Msomaji aliyewahi kuniuliza kwa nini nisiweke ukungu kwa programu ya kompyuta ajue kwamba programu huweza, lakini haimfundishi mtu kuchagua mahali pa kusimama, na mahali pa kusimama ndiyo nusu ya kazi. Olivo Barbieri wa Italia na Naoki Honjo wa Japani, waliojulikana kwa picha za miji zenye sura hii, walipiga kutoka juu, kwa kuwa vichezeo hutazamwa kutoka juu. Vijana wanaharakia ukungu mwingi, wanasahau mwinuko, wanasahau jua kali lisilo na utusitusi wa mbali, kisha wanalalamika kwamba picha haina uhai. Subira imepungua sana katika kazi hii, nami sitaacha kulisema hilo.

Jua hilo kali lina gharama yake. Kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga), f/5.6 huhitaji kasi ya takriban 1/800 ya sekunde, na shata nyingi za lenzi hizi, yaani vifungio vinavyopima muda wa mwanga, huishia 1/500 au 1/400. Weka kichujio cha kijivu cha kupunguza mwanga, wala usikifunge kitundu, kwani ukikifunga hadi f/16 utepe hupanuka na treni hurudia ukubwa wake. Kagua pia pembe za kioo kabla ya kuingiza bamba, kwa sababu lenzi iliyoinamishwa sana huweza kuacha kona zenye giza.