Mtoto Yuko Mikononi mwa Nani? Usalama wa Watoto Mkiwa Safarini

Familia inapofika mwisho wa safari, baba hushusha mizigo akiamini mama anamwangalia mtoto. Mama yuko mapokezi akiamini mtoto yuko na shangazi. Shangazi naye anajua mtoto ana wazazi wake. Watu wazima watatu, na mtoto hana mtu.

Dawa yake ni makabidhiano ya mdomo. Kila mtoto mdogo awe na mtu mmoja anayejulikana, na anayetaka kwenda chooni au kulipa nauli amkabidhi kwa maneno: "Nakuachia mtoto." Mwenzake ajibu: "Haya, ninaye." Kama hajajibu, hujakabidhi. Mwanzoni mtaona kama mnajisumbua, lakini kufikia siku ya pili hata watoto wakubwa watakuwa wanakumbushana.

Garini, kumpakata mtoto hakumlindi hata kidogo. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kulingana na uzito wa kilo 200 au zaidi. Hakuna mikono inayozuia mzigo huo. Kujifunga naye mkanda mmoja ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaomponda.

Mtoto mchanga akae kwenye kiti chake akitazama nyuma ya gari, na aendelee hivyo hata baada ya kuanza kutembea, mpaka afikie kikomo cha urefu au uzito kilichoandikwa kwenye kiti. Kichwa chake ni kizito na shingo bado changa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa, maana ukifumuka unakipiga kiti kwa nguvu upande wa kichwa cha mtoto.

Kiti kizuri kilichofungwa vibaya kinawadanganya wazazi, kwa hiyo kikagueni. Kishike pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise kulia na kushoto: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kisha jaribu kuufinya mkanda wa mtoto kwenye mtulinga. Ukiweza kukunja hata kipande kidogo, umelegea. Jaketi nene livuliwe kabla ya kufunga. Kwenye ajali jaketi hubonyea, nafasi ikabaki, na mtoto akachomoka. Akisikia baridi, mfunikeni juu ya mikanda.

Mkanda wa gari peke yake huanza kumfaa mtoto akiwa na urefu wa karibu sentimita 145. Kabla ya hapo anahitaji kiti cha kumwinua. Alama yake ni rahisi: mkanda wa chini ulale kwenye nyonga, si tumboni, na wa juu upite katikati ya bega, si shingoni. Mtoto akiupitisha mgongoni kwa sababu unamkera, ujue bado haujamtosha.

Mkisimama njiani, asiachwe garini hata kwa dakika chache. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kupanda nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika 10 tu, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Anayeendesha aweke kiatu chake kimoja au mkoba wake kiti cha nyuma, ili asiweze kuondoka bila kufika huko.

Mkifika mnapolala, mtu mmoja abaki nje na watoto na mwingine aingie kwanza. Apige magoti, aone chumba kwa kimo cha mtoto. Waya wa birika la umeme usining'inie. Dawa za bibi zitoke kwenye mkoba uliowekwa sakafuni. Viti na meza visogezwe mbali na dirisha na roshani, kwa kuwa mtoto hupanda kabla hujajua kwamba anaweza, na nafasi ya zaidi ya sentimita 10 kati ya vyuma vya roshani inatosha mdogo kupenya.

Baada ya hapo, tafuteni maji yako wapi: bwawa, kisima, mtaro, ndoo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake uko majini, hana pumzi ya kuita. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, si umbali wa macho. Kwa wakubwa, chagueni mlinzi mmoja kwa zamu za dakika 15, bila simu wala gumzo. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni vitu vya kuchezea, hutoboka na kuchomoka. Jaketi okozi la saizi yake ndilo la kutegemea. Na nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka. Ya bluu hupotelea majini.

Kwa ajili ya kwenye umati, mpigeni mtoto picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Namba ya simu andikeni mkononi mwake kwa kalamu, muifunike namba hiyo kwa plasta inayoonyesha kilicho chini yake. Mfundisheni akipotea asimame palepale na kuita jina kamili la mzazi, maana "mama!" huitikiwa na wengi. Akipotea karibu na maji, anzeni kutafuta majini.

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Chumvi ya kuongeza maji mwilini ichanganywe na kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kwani zipo za lita 1 na zipo za mililita 200. Maji yakipungua, mchanganyiko huwa na chumvi nyingi na humdhuru. Dawa ya homa hupimwa kwa kilo za mtoto, hivyo mpimeni kabla ya kuondoka na mwandike uzito wake kwenye chupa.