Usiondoke kabla mkasi haujapita

Jumatatu usiku dada mmoja wa Dodoma alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni kitenge kabla hakijashonwa, kijani, chenye maua makubwa ya rangi ya embe bivu. Ya pili ni gauni alilokabidhiwa na fundi wake. Ua moja zima limekaa juu ya titi la kushoto, la kulia limeambulia nusu ya jani. Chini akaandika: "Dada, nimelia hadi macho yamevimba. Nifanyeje?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kilio hicho nakijua, nilikilia mwaka 2021, na sijawahi kukisimulia chote. Leo nakisimulia, kwa sababu naona sisi tunaopenda kuvaa tukapendeza tunaumizwa mahali palepale, na hakuna anayetuambia ni wapi.

Mimi kwetu ni Kigoma. Wenzangu wa kule mnajua kitenge kilichovuka ziwa kutoka Kongo kina maana gani. Hakinunuliwi tu na kuvaliwa. Kinakunjwa, kinawekwa sandukuni na vidonge vya nondo, kinasubiri siku yake. Shangazi yangu wa Ujiji alikuwa na yadi 6 za aina hiyo: bluu ya kiza, mbayuwayu weupe wanaruka kwenda juu, kila mmoja na mkia wake wenye ncha mbili, na kifuani doa jekundu. Nilipopata kazi yangu ya kwanza Dar es Salaam akanipa. Akaniambia, "Usikishone ovyo mwanangu. Subiri shughuli ya maana." Nikasubiri miaka minne. Shughuli ya maana ikawa harusi ya mdogo wangu.

Nikampelekea fundi aliyesifiwa na kila mtu kazini. Duka zuri, kioo kirefu, masanamu mawili yamevalishwa mlangoni. Akanipima kifua, kiuno na urefu kwa dakika moja, nikamwonyesha mshono kwenye simu, nikamwachia kitambaa mezani nikakimbilia daladala. Hapo ndipo nilipokosea. Sikukosea kumchagua, maana mkono wake ni mzuri hata leo. Nilikosea kuondoka.

"Njoo kesho" zilikuwa tatu. Nikalichukua gauni Ijumaa jioni umeme ukiwa umekatika, nikalijaribu kwa mwanga wa simu, likanikaa. Mbele palikuwa pazuri kweli. Jumamosi ukumbini, wifi yangu mmoja akanishika bega akaninong'oneza: "Wifi, mbona ndege wako wa nyuma wanaanguka?"

Nikaenda chooni nikajigeuza kwenye kioo. Nyuma yote, kuanzia mabegani hadi pindo, mbayuwayu walikuwa kichwa chini, mikia juu, kama waliopigwa mawe. Nikaomba mtandio nikajifunika. Nilikaa ukutani shughuli nzima, mdogo wangu akiniita tucheze naye nikatikisa kichwa. Na shangazi alikuwepo, meza ya tatu kutoka kwangu. Alinitazama nilipopita, akaona, akanyamaza. Hakuniambia neno siku ile wala baada ya siku ile. Angenigombeza ningepona mapema.

Jumatatu yake nikarudi kwa fundi. Akanijibu bila hata kusimama: "Dada, kitambaa kilikuwa hakitoshi, nikageuza kuokoa." Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Mimi ni mwanamke wa mwili wa kati, gauni la magotini. Kinatosha, kinabaki, na kilichobaki hakikurudishwa hata kipande cha kushonea kilemba. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu sikujua kitu. Sikujua hata kinachotokea kitambaa kikilazwa juu ya meza.

Sasa najua, na wewe ujue leo. Fundi hukata mbele na nyuma kwa pamoja ili asirudie kazi, kwa hiyo lazima akunje. Picha zikiwa zimesimama kwa urefu wa kitambaa kama zangu, akikunja kwa urefu, ukingo ukalala juu ya ukingo, zote zinabaki zinaangalia upande mmoja. Akikunja kwa upana, mwanzo wa kitambaa ukalala juu ya mwisho wake, tabaka moja linageuka kichwa chini. Ni hivyo tu. Kwa kitambaa cha madoa au mistari ya kawaida hutaona tofauti. Kwa ndege, samaki, miti, herufi, taa, chochote chenye juu na chini, umekwisha. Chukua khanga yoyote uliyo nayo ndani uijaribu sasa hivi, ikunje huku na huku uangalie maandishi yake; ya khanga yamelala kwa urefu, kwa hiyo yenyewe yatageuka ukikunja ukingo juu ya ukingo. Utaelewa kuliko ninavyoeleza.

Ndiyo maana nasema kwa wote, kwa herufi kubwa kama ningeweza: simama kwenye meza ya kukatia. Mshono uliopinda unafumuliwa. Zipu mbaya inabadilishwa. Kiuno kilichobana kinaachiwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakuna dua ya kukirudisha. Mwambie fundi, "Fundi, nitakuja siku ya kukata," na uje. Akikwambia ana wateja wengi, mwambie utasubiri. Akikataa kabisa usimame, chukua kitambaa chako uondoke kwa heshima. Na ukiwa huwezi kufika, chukua chaki, geuza kitambaa upande wa ndani, chora mishale inayoonyesha juu, mishale mingi, kila baada ya shubiri mbili. Mimi ningekuwa nimechora mishale ile, shangazi yangu asingenitazama alivyonitazama.

Baada ya harusi nikanunua cherehani. Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, iliyokwisha tumika, nililipa kwa mafungu kwa mama mmoja wa Tabata aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Huyo mama ndiye mwalimu wangu, na somo la kwanza alilonipa ni kupinda khanga. Doti mpya inakuja imeshikana, unaikata katikati, unapinda kingo. Nikapinda za kwangu, za majirani, za msiba wa mtaa wa pili, mpaka mguu ukajua kutembea na mkono. Miezi mingine ya katikati siisimulii, ni mashuka mabovu na foronya. Itoshe kusema mwaka uliofuata nilivaa sketi niliyoishona mwenyewe kazini, na dada wa mapokezi akaniuliza fundi wangu yuko wapi. Nilijibu, "Unaongea naye." Sijui kama kuna siku niliyofurahi kuliko hiyo.

Cherehani ilinibadilisha hata ninavyonunua. Zamani nilikuwa nashuka mwendokasi Kariakoo, napita Mtaa wa Uhuru, nakwenda na macho: kinachong'aa nanunua. Siku hizi naingia dukani nikijua naenda kushona nini. Kitenge ninakigeuza kwanza. Wax nzuri, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, rangi yake ya nyuma ni ileile ya mbele, huwezi kujua upande upi ni upi. Kilichochapwa upande mmoja nyuma huwa kimepauka, na kitapauka mbele pia ukikifua. Kisha naomba nyuzi mbili tatu za ukingoni, nazichoma nje na kiberiti. Pamba inaungua ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inayeyuka, inabaki kishanga kigumu cheusi. Muuzaji anaweza kukuapia kwa mama yake mzazi kwamba ni pamba tupu, wewe sikiliza moto. Kwa joto la Dar es Salaam poliesta kwenye gauni la kubana ni adhabu, utashinda siku nzima unatafuta feni.

Ukifika nyumbani loweka kabla ya kupeleka kwa fundi. Pamba inarudi ikifuliwa mara ya kwanza, inapungua urefu na upana, na bora ipungue ikiwa kitambaa kuliko ipungue ikiwa gauni. Najua wengi hamlifanyi hili kwa sababu kitambaa kinapoteza ule ugumu wa dukani. Ugumu wenyewe ni wanga. Utoke.

Na mjue vipimo vyenu jamani. Mtu anajua namba ya simu ya fundi kwa kichwa, hajui kifua chake ni inchi ngapi. Nina daftari dogo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kutoka bega hadi kiuno, kutoka kiuno hadi goti. Najipima upya kila baada ya miezi michache, nikiwa nimevaa sidiria nitakayovaa na nguo hiyo, maana sidiria tofauti inahamisha kifua. Fundi akikupima nusu, msomee zilizobaki. Anayekujali atakushukuru.

Khanga ukiamua kuishonea gauni ina adabu yake. Ina pindo la kuzunguka kingo, mji ambao ni sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yake. Pindo lifanye ukingo wa chini au mikono, mji ndio ukae mwilini, na jina ulipangie mahali pa heshima kabla mkasi haujagusa kitu. Nimeona gauni zuri limekatwa katikati ya methali, nusu ya maneno ubavuni, nusu imeingia kwenye mshono. Mama zetu walikuwa wanachagua khanga kwa maneno yake, wanasoma dukani kwanza ndipo wanaangalia rangi. Mama yangu anayo bado moja ya kiwanda cha Urafiki cha pale Ubungo, imelainika kama kitambaa cha mtoto, na hamruhusu mtu kuikata. Ana haki. Tujifunze kuheshimu nguo. Tumezoea kununua, kuvaa mara mbili kwa ajili ya picha, kutupa, kununua tena, halafu tunalalamika hela haikai. Nguo inayojuliwa ilivyokatwa haitupwi kirahisi.

Mtumba pia niuzungumzie, maana ndio unaobeba kabati langu. Nanunua Karume, kwa kaka mmoja wa mashati. Moto ulipoteketeza soko lile Januari 2022 alipoteza meza na mzigo wote, akarudi kuanza kwa nguo za kubeba begani, na sasa anakata tena robota lake mwenyewe. Siwezi kumhama. Naenda asubuhi anapolifungua. Shati nalinyanyua juu kwenye jua kwanza, tundu zote zinajionyesha. Kisha kwapa, kisha ndani ya kola, kisha kibandiko cha shingoni kinachosema ni pamba au la. Ukubwa siuangalii. Shati kubwa la kiume la pamba nzito ni kitambaa cha bei rahisi kilichokwisha kushonwa vifungo. Nalipunguza ubavuni, nalikata mikono, basi.

Na shati kama hilo, jeupe, la shilingi 5,000, ndilo lililofufua ndege wa shangazi.

Gauni lile lilikuwa limening'inia mwisho wa kabati tangu harusi. Nilikuwa siliangalii. Mwezi uliopita tukapata mwaliko, binamu yangu anaolewa, na shangazi anakuja kutoka Ujiji. Usiku mmoja nikalitoa, nikachukua wembe nikaanza kufumua. Uzi kwa uzi, nilimaliza saa saba. Sketi ya nyuma ilikuwa ya vipande viwili vyenye zipu katikati, imepanuka chini. Nikavigeuza vyote, chini kukawa juu, nikachora mistari iliyonyooka nikakata upana uliozidi, nikafanya hivyohivyo kwa mbele. Ikawa sketi ya kunyooka, mbayuwayu wote wanapanda, mbele na nyuma. Kwenye mshono wa ubavuni nilijitahidi bawa likutane na bawa. Upande wa kushoto limekutana kabisa, wa kulia limepishana unene wa uzi, nimelifumua mara mbili nikaliacha. Vipande vya mgongoni nikavikatia kola na kafu za lile shati jeupe, ndege mmoja kila upande wa shingo, wanatazamana.

Kwa hiyo dada yangu wa Dodoma, nakujibu hapa. Usilitupe, na usimrudishie fundi yuleyule akiwa na hasira na wewe ukiwa na hasira. Lifumue. Kwa ninavyoliona kwenye picha, sketi yako ni pana na maua yake ya chini yamekaa sawa, hapo pana sketi nzuri kabisa. Kifua hicho usihangaike kukirekebisha, kitafutie kazi nyingine: mkoba, kilemba, kola kama yangu. Juu vaa blauzi ya rangi moja, kijani kilekile cha kitenge. Na siku ya kukata, simama mezani hata kama unayekata ni wewe mwenyewe: tandaza, ondoka, kunywa chai, rudi uangalie tena picha zinaelekea wapi, ndipo ushike mkasi.

Jumamosi nilimkuta shangazi amekwisha kaa. Nikapiga goti, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akaninyanyua kwa mkono, na kabla sijakaa akanigeuza. Alipitisha kidole nyuma ya sketi, kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayehesabu. Kisha akaniuliza kama kuna kipande kilichobaki. Kipo, cha urefu wa mkono hivi, nimekipiga pasi jana. Ametaka kilemba.