Noti iliyopasuliwa kwa mazingaombwe
Kwa aliyeuliza kama ni kosa kupasua noti kwa wembe ili kwenye mazingaombwe kalamu ionekane kuitoboa bila kuacha tundu: inategemea nchi. Marekani sheria inaangalia nia. Ukiiharibu ili isifae tena kwa mzunguko, umevunja sheria. Uingereza, sheria ya 1928 inakataza kuchapa au kugonga maneno juu ya noti. Soma ya kwenu kwanza.

Mchezo wenyewe sasa: pasua kwa kufuata mstari mzito wa mchoro, si penye weupe, la sivyo taa itakuumbua. Na mtazamaji asiishike hiyo iliyopasuliwa kabisa! Mpe noti nyingine, nzima, aikague, kisha badilisha wakati unakunja. Zote mbili ziwe na mikunjo ileile, maana wengi hunaswa hapo.