Bangi, lutuku na baraza la nidhamu: majibu kwa wanafunzi na wazazi wa Lubumbashi

Walinzi waliingia chumba chetu kwenye home (bweni la chuo) usiku, wakakuta chupa ya lutuku (pombe kali ya kienyeji) na msokoto wa bangi chini ya kitanda. Tunalala wanne, na sote tumeitwa kwenye baraza la nidhamu. Asiyetumia naye anaweza kufukuzwa? (Mwanafunzi, Kampemba)

Kulala chumba kimoja si kosa. Ibara ya 17 ya Katiba ya Kongo (RDC) ya 18 Februari 2006 inakataza mtu kushtakiwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Baraza litakujibu kwamba ibara hiyo inahusu makosa ya jinai, na ni kweli. Hata hivyo adhabu inayokula mwaka mzima wa masomo si ndogo, na hoja ile ile ina uzito mbele ya maprofesa.

Kesi yenu itaamuliwa na PV (procès-verbal, ripoti rasmi ya yaliyokutwa) ya usiku ule kuliko maneno yatakayosemwa siku ya kikao. PV nzuri inataja saa, namba ya chumba, waliokuwemo, kitu kilikutwa chini ya kitanda cha nani, kilikuwa kiasi gani, nani alikichukua na kimehifadhiwa wapi. PV mbaya inaandika tu “katika chumba chao kulikutwa bangi”. Neno hilo “chao” ndilo linalowafunga wanne. Ukiletewa uitie saini, isome mpaka mwisho. Kama kuna usichokubali, andika kwa mkono wako, juu ya saini: “Nimesoma, sikubali sehemu inayosema…” Usitie saini kwanza ukitumaini kurekebisha baadaye.

Kisha andikeni barua, kila mtu ya kwake. Barua moja ya wanne inaonekana ya kindugu, lakini mwenye chupa akibadili maneno kikaoni, watatu wanabaki bila utetezi. Ombeni nakala ya PV, kifungu cha kanuni za ndani mnachoshtakiwa nacho, na tarehe ya kikao. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Bila muhuri, kesho mtaambiwa hamkuandika kitu.

Mwanangu alipimwa mkojo kwa kijiti, kikaonyesha bangi. Anasema alivuta mara moja, wiki mbili nyuma, nje ya chuo. Wanamshtaki kwamba aliingia mtihani akiwa amelewa. (Mama wa mwanafunzi, Kamalondo)

Mama, hapo kuna mashtaka mawili yaliyochanganywa. Kijiti cha mkojo hakipimi ulevi. Kinatafuta mabaki ambayo mwili umeshayachakata. Kwa aliyevuta mara moja mabaki hayo hukaa siku chache. Kwa anayevuta kila siku yanaweza kukaa hata mwezi. Kijiti kinaweza kuunga mkono kwamba aliwahi kuvuta, lakini hakiwezi kuonyesha alikuwa na hali gani saa mbili asubuhi ndani ya oditwari, ukumbi wa mtihani. Hilo linahitaji watu waliomwona: aliongeaje, alitembeaje, aliandika nini kwenye karatasi yake.

Tukuambie na la pili, kwa upole. Kama kweli ni wiki mbili, na kijiti hakikukosea, basi huenda hakuvuta mara moja tu. Kaa naye, mzungumze, kabla baraza halijamwuliza hilo.

Kijiti nacho hukosea. Ni kipimo cha awali cha kuchuja tu, na kizingiti chake cha kawaida, yaani kiasi ambacho kikifikiwa kijiti kinaonyesha bangi, ni nanogramu 50 kwa mililita. Efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi, imewahi kuleta jibu la bangi kwenye baadhi ya vipimo. Uhakika unatoka maabara yenye kromatografia ya gesi pamoja na spektrometria ya masi, yaani mashine zinazotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja. Ulizeni: mkojo uliobaki umehifadhiwa? Chupa iliandikwa jina na kufungwa mbele yake? Kama ulimwagwa, hakuna wa kuthibitisha tena, na barua yenu iseme hivyo waziwazi. Kama anatumia dawa, daktari aandike barua ya siri, ndani ya bahasha iliyofungwa. Asilazimike kuutangaza ugonjwa wake mbele ya kikao.

Harufu ya pombe mdomoni inatosha kuadhibu? (Chef de promotion, yaani kiongozi wa darasa, Katuba)

Haitoshi. Inaonyesha labda alikunywa, haionyeshi kiasi wala saa. Na mgonjwa wa kisukari anaweza kuyumba na kuongea ovyo sukari ikishuka. Huyo apelekwe hospitali haraka.

Rafiki alizimia kwa lutuku, tukaogopa kuita msaada tusije tukafukuzwa. (Watatu, Ruashi)

Mlimweka katika hatari kubwa, na kanuni zinazowatisha hivyo zina sehemu ya lawama. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, tangu 2002 kina utaratibu wa kutomwadhibu anayeita msaada kwa ajili ya mlevi. Wajumbe wa wanafunzi waombe kifungu kama hicho kiandikwe huku kwetu. Siku nyingine mlazeni ubavu, asiachwe peke yake, msimpe kahawa wala kumlazimisha atapike. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, midomo ikibadilika rangi, au akifinywa asishtuke, ni hospitali papo hapo.

Tulikamatwa wawili, kosa moja. Mimi nimefukuzwa, mwenzangu, mtoto wa mkubwa, kapewa onyo. (Mwanafunzi, komine ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Usiandike “mtoto wa mkubwa” hata kama mtaa wote unajua. Andika kinachoonekana kwenye karatasi: usiku mmoja, PV moja, kiasi kimoja, wote mara ya kwanza, adhabu mbili. Kisha uliza sababu. Tofauti ya haki ipo: kuuza, kurudia kosa, kuhatarisha wengine. Kama ipo, uamuzi uitaje.

Barua iende kwanza kwa aliyetia saini uamuzi, maana mahakama ya utawala itauliza kama ulianzia hapo. Ibara ya 27 ya Katiba inaitaka mamlaka ya umma iliyopelekewa ombi la raia kujibu ndani ya miezi 3. Lakini usidhani barua inasimamisha adhabu. Omba kwa sentensi yake peke yake kwamba adhabu isitekelezwe mpaka ujibiwe, na utaje tarehe ya sesheni ya mitihani, kwa sababu kuwa nje ya chuo siku 15 za katikati ya muhula hakulingani na kuwa nje siku 15 za mitihani.