Safari ya Auschwitz na wanafunzi wenzako: utembee na nani, uzungumze lini

Mwanafunzi anayekwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, na shule yake huwa amesomeshwa vya kutosha habari za 1940 hadi 1945, lakini hajaambiwa neno kuhusu mtu atakayekuwa naye siku nzima. Hapo ndipo safari nyingi hupwaya. Kundi la watu 40 ni kubwa mno kusaidiana, na mtu peke yake huelemewa. Gawaneni wawili wawili, na majina yapangwe wiki tatu kabla. Mkiacha hadi asubuhi ya safari, marafiki wa siku zote watashikana mikono na mgeni atabaki kutembea na mwalimu.

Makaratasi yashughulikiwe mapema. Sisi wenye majina matatu ndio hukwama: darasani ni Juma Said, pasipoti inasema Said Juma Ali. Kila fomu ijazwe kwa kunakili pasipoti. Anayesoma Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen ili kuingia Poland. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15, na kungoja hizo siku 15 za mwisho ni kucheza kamari.

Kutoka mji wa Kraków ni kama kilomita 70, na ziara yenyewe huchukua takriban saa tatu na nusu kwenye kambi mbili: Auschwitz I yenye majengo ya matofali, kisha Birkenau, kilomita 3 mbele. Begi kubwa libaki kwenye basi. Kuleni kabla ya kuingia. Birkenau ni uwanja mpana usio na kivuli wala kinga ya upepo, kwa hiyo Januari vaa soksi mbili na viatu vya soli nene. Aliyekufa ganzi miguu hasikii anachoelezwa.

Kundi huvaa vipokea sauti masikioni ili kumsikia mwongozaji, na vyombo hivyo humfanya kila mmoja awe peke yake katikati ya watu. Kubalianeni ishara na mwenzako: akikugusa kiwiko, anataka kutoka. Toka naye, simama karibu, usimhoji. Mwalimu mmoja atembee nyuma kabisa ili awaone wanaobaki.

Jengo la Block 5, Auschwitz I, kuna rundo la masanduku ya safari nyuma ya kioo. Mengi yameandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: jina, mji, pengine tarehe ya kuzaliwa. Wenyewe waliambiwa waandike ili wapate mizigo yao baadaye. Kila jozi ichague sanduku moja na kunakili maandishi yake daftarini, herufi kwa herufi. Watu kama milioni 1.1 waliuawa kambini humo, karibu milioni 1 kati yao Wayahudi, na akili haishiki idadi hiyo. Jina moja inalishika. Block 27 nako kuna Kitabu cha Majina, kurasa kubwa zenye majina ya Wayahudi waliouawa. Kama hakimo kwenye ratiba, ombeni.

Simu ikae mfukoni. Chumba chenye nywele za waliouawa, Block 4, na ghorofa ya chini ya Block 11 ni marufuku kupiga picha. Selfi kwenye reli za Birkenau hakuna aliyeiandikia sheria kali, ila aibu yake haifutiki.

Kuna atakayecheka. Mara nyingi ni woga tu, msimkemee hadharani. Asiyelia naye asionwe ana moyo wa jiwe. Wengine machozi huwajia siku mbili baadaye, wako nyumbani wanaosha vyombo.

Mazungumzo yasifanyike kwenye basi. Kuleni chakula cha jioni kwanza, kisha kaeni duara la watu 6 hadi 8 kwa dakika 45. Anzeni na “umeona nini?” Ukiuliza “umejisikiaje?” utapewa hotuba. Akiwepo mtoto wa Rwanda au Kongo, huenda akagusia ya kwao. Asikilizwe, lakini asigeuzwe shahidi wa darasa, wala msianze kupima maumivu ya nani ni makubwa.

Mkipitia Berlin, tafuteni Brunnenstraße jiwe dogo la shaba lenye jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akafundisha Kiswahili Berlin, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, lakini utawala uliomfunga ni uleule, na kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke Mjerumani.

Baada ya wiki mbili kutaneni tena. Kila jozi iwe imetafuta jina la sanduku lake kwenye hifadhi ya majina ya Yad Vashem (kituo cha Israel cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa) mtandaoni, ambamo baadhi ya kurasa zimejazwa na ndugu waliosalia. Baadhi yenu mtakosa kitu. Jina hilo nalo lisomwe kwa sauti, pamoja na mji.