Sufuri si "hakuna": kweli na si kweli katika Python

Wewe unayeanza lugha ya programu ya Python, True (kweli) na False (si kweli) hazitakusumbua. Zinaanza kwa herufi kubwa, basi. Ukiandika ndogo programu italalamika, na baada ya siku mbili utazoea. Shida iko pale ambapo hukuandika True wala False, Python ikaamua yenyewe.

Mimi jioni nzima ilinipotea hapo. Nilikuwa na skripti inayosoma joto kutoka kwenye kihisi, na kihisi kisipojibu, thamani inakuwa None, yaani "hakuna" ya Python. Nikaandika:

if joto:
    hifadhi(joto)

Ikafanya kazi vizuri kabisa, mpaka joto liliposhuka hadi nyuzi 0. Vipimo vyote vya 0 vikapotea kimyakimya, bila hata ujumbe wa kosa. Kumbe if ile haiulizi kama kipimo kimepatikana. Inauliza kama thamani ni tupu. Kwa Python, 0 ni tupu kama ilivyo None, kama maandishi yasiyo na herufi "", kama orodha isiyo na kitu []. Nilipaswa kuandika if joto is not None.

Usijione mjinga ukinaswa. Hadi toleo la 3.5 lilipotoka mwaka 2015, saa sita kamili usiku, yaani time(0, 0), nayo ilihesabiwa si kweli! Hebu fikiria kuitafuta hitilafu inayotokea saa hiyo tu.

Kinyume chake kipo pia: bool(), inayogeuza thamani kuwa True au False, ukiipa maandishi "False", yaani bool("False"), inatoa True. Python haisomi maana ya neno, inaona maandishi yenye herufi tano, si tupu. Kwa hiyo ukisoma mipangilio kutoka kwenye faili, linganisha maandishi yenyewe, kwa mfano jibu == "ndiyo".

Jambo moja ninalolipenda: True ni namba 1 na False ni 0, tangu aina ya bool ilipoingizwa rasmi mwaka 2003 katika toleo la 2.3. Ndiyo maana sum(j > 30 for j in vipimo) inakuhesabia vipimo vilivyozidi 30 kwa mstari mmoja.

Ila usihame na mazoea haya. Lugha nyingine zina kanuni zao: Ruby na Lua huichukua 0 kuwa kweli. JavaScript huichukua [] kuwa kweli. Na kwenye Bash, lugha ya kuandikia amri za kompyuta, amri iliyofanikiwa hurudisha 0, kwa hiyo if ya huko ikiona 0 inaingia ndani. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuandika, nikaifuta skripti nzima.